Mume Aitwe Kwanza

Mdogo wangu alipata kazi ya kuendesha benne siku ileile niliyoikosa mimi, ofisi ileile, mbele ya meza ileile. Benne ndiyo yale malori makubwa ya mgodini ambayo gurudumu lake moja linampita mtu mzima kwa urefu. Sote wawili tulikuwa tumefaulu mtihani wa udereva. Mimi nilimpita kwa alama, na hilo nalisema mwanzoni kabisa ili lisije likasahaulika, maana hapa Kolwezi wengi wamelisahau.

Tulijifunza usukani kwa baba. Alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyetokea upande wa Maniema, akimbebea unga na vitambaa kutoka Lubumbashi. Jumapili lori likiwa limepumzika, baba alinichukua mpaka kwenye uwanja mtupu nyuma ya cité ya Musonoi, tulikokuwa tukikaa, akanikalisha kwenye kiti chake. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza na hakuwa na mvulana. Alipoanza kuumwa mgongo, kazi ya kumfundisha mdogo wangu ikawa yangu. Mguu wake haukufika hata kwenye klachi, ikabidi nimwekee mto wa kitanda mgongoni. Kwa hiyo kila anapobadilisha gia, huo ni mkono wangu. Sijawahi kumsikia akiwaambia watu.

Baadaye kila mmoja akashika njia yake. Mimi niliolewa na karani wa wakala wa forodha, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno machache. Mahari ililetwa yote, hakikubaki kitu cha kuleta kesho. Tulipita kwenye ofisi ya komini, serikali ya mtaa, kisha parokiani, nikahamia Manika nikiwa mama wa ndoa kamili, na huko tukazaa watoto. Mdogo wangu yeye alihamia kwa fundi wa kuchomelea vyuma bila hata mbuzi kuvuka ua wetu, akazaa mtoto, na mama yetu akawa anasema "mambo yake yako njiani" mpaka maneno hayo yakachakaa. Kanisani, wakati wa kukomunika, mimi nilipita mbele na skafu yangu ya chama cha akina mama, yeye akabaki kwenye benchi akijifanya anatafuta ukurasa. Nilimhurumia sana. Kumhurumia mtu ni kitu kitamu, sikuujua utamu wake mpaka nilipokikosa.

Basi siku moja baada ya misa lilisomwa tangazo. Kampuni ndogo iliyokuwa ikibeba udongo wa mgodi mmoja nje ya mji ilitaka wanawake wenye leseni, iwafundishe benne. Watu walicheka. Wachimbaji wa kwetu husema mwanamke akikaribia shimo madini hukimbia, ingawa madini hayohayo yakitoka wanawangoja wanawake wayaoshe mtoni. Mimi sikucheka. Wakati huo nilikuwa nauza vitenge sokoni Manika, biashara ambayo mume wangu aliipenda kwa sababu nilikaa mahali pamoja na kila mtu aliyemjua aliniona nimekaa. Tangazo halijaisha nilikuwa nimeshaamua. Nilipogeuka, nikaona na mdogo wangu ameamua.

Mtihani tuliufanya kwenye uwanja wa mchanga, wanawake wachache na mwalimu mmoja aliyezoea kupiga kelele. Nilirudisha lori kinyumenyume katikati ya mapipa bila kugusa hata moja. Mdogo wangu aligusa. Kisha tukaitwa ofisini, mmoja mmoja lakini mlango wazi, kila mtu anasikia.

Mkuu wa wafanyakazi alikuwa mwanamume wa umri wangu, mpole, mwenye miwani. Upole wake ndio ulioniua.

"Mama, uko mu ndoa?"

"Ndiyo, tata. Ya komini na ya kanisa." Nililisema kwa kifua mbele, kama mtu anayeonyesha diploma.

"Bien. Basi bwana yako akuye hapa kwanza. Tunaonana naye, tunasikilizana, kiisha unasigner."

"Akuye kufanya nini?"

"Aseme haiko na problème. Ni vile tunafanyaka na bamama ba ndoa bote."

Akanihakikishia kuwa nafasi yangu itanisubiri mpaka kundi la pili la mafunzo lianze. Nilimshukuru. Nakumbuka nilimshukuru hata mara mbili. Sikuona jambo la ajabu, maana mume wa mtu kuitwa kabla ya mke kuajiriwa ndivyo tulivyokua tukiona. Mama yangu mwenyewe, alipotaka kufua nguo za hospitali, baba alikwenda kwanza kusalimiana na wakubwa, akarudi amekunywa soda.

Halafu akaingia mdogo wangu.

"Na weye?"

"Niko célibataire. Sina bwana."

"Bien. Lundi asubui bus itakukamata ku rond-point. Signer hapa."

Hivyo tu. Mtu ambaye mahari yake haijawahi kuonekana hata kwa ndoto aliweka sahihi, akapewa kofia ngumu na viatu, akatoka. Mimi niliyeolewa kwa utaratibu wote nikatoka mikono mitupu. Alipopita mbele yangu aliuma mdomo wa chini. Labda alikuwa anazuia kilio kwa ajili yangu. Mimi niliamua anazuia kicheko.

Jioni nikamweleza mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akasema, "Ni muzuri. Nitapita kule kesho." Nilipiga pasi shati lake la bluu, lile la kwendea kwa wakubwa, nikalitundika mlangoni. Asubuhi alilivaa akaondoka. Jioni akasema mkubwa wake alimshika kazini, hakupata nafasi, atapita kesho. Kesho yake mzigo ulikwama mpakani. Siku nyingine alikwenda akakuta ofisi imefungwa. Mara kadhaa nilipita mwenyewe kuuliza kama nafasi yangu bado ipo, nikaambiwa ipo. Hakukataa hata siku moja. Ningejuaje? Mwanamume anayekataa hupiga meza, na wangu alikuwa akiomba maji ya kunywa.

Nami nikaanza kumwonea mdogo wangu wivu. Sitautafutia jina zuri. Kwetu Musonoi wangeuita roho ya kwa nini: kwa nini yeye, kwa nini si mimi, kwa nini mbele ya macho yangu. Ulinishika Jumatatu ile ya kwanza, nilipokwenda rond-point, pale kwenye mzunguko wa barabara, kwa kisingizio cha kununua mkaa ili nimwone akipanda basi. Alikuwa na kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa. Wanaume waliokuwa wakingoja basi hilohilo walimsogelea, nikangoja wamtanie. Walimpisha apande.

Jumapili tulizoea kula kwa mama Musonoi. Tangu nilipoolewa, kiti cha mbao chenye mto kilikuwa changu, na mdogo wangu alikaa kwenye kigoda karibu na mbabula, jiko la makaa, akigeuza sufuria. Jumapili moja, mafunzo yake yakiwa yamekwisha, aliingia moja kwa moja kutoka kazini, zamu ya usiku, na mstari wa vumbi kwenye paji la uso pale kofia inapoishia. Mama alisimama. Mama yangu, ambaye magoti yake hayasimamii hata padri, alisimama akasema, "Kuya ukae, mama, unachoka," na akamvutia kiti. Kile chenye mto. Kwa mara ya kwanza nikakaa kwenye kigoda, na mwiko nikashika mimi.

Alikula bukari na sombe, ugali na kisamvu, kama mtu aliyetumwa kuvimaliza. Kati ya tonge na tonge alisimulia. Kuingia ndani ya benne unapanda ngazi, alisema, na ukishakaa juu unaona cité yote ya Musonoi, mabati ya kila nyumba, mpaka kamba ya mama ya kuanikia nguo. Ndani kuna hewa baridi, vumbi linabaki nje. Unapokwenda kumwaga udongo, kuna mtu mmoja tu anayeweza kukuambia simama, naye anatumia redio. Akapiga miayo katikati ya sentensi. Hata miayo yake niliionea wivu, kwa sababu ilikuwa miayo ya mtu anayetoka kazini. Yangu ilikuwa ya mtu aliyekaa juu ya vitenge tangu asubuhi.

Watoto wa jirani walichungulia mlangoni wakaimba, "Mama benne! Mama benne!" Mama yetu akawafukuza huku anatabasamu. Niliwaza kwamba kama mume wangu angepita pale ofisini hata dakika moja, watoto wangekuwa wanaimba majina ya watu wawili.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nje, mdogo wangu akaniita yaya, yaani dada mkubwa, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Yaya, ule mutu wa bureau anakudanganya. Ruhusa ya bwana haiko tena mu loi, mu sheria. Délégué wetu wa bafanyakazi alituelezea ku kazi. Balishaiondosha. Unaweza kwenda kusigner weye moja, bila bwana."

Angeniambia mtu mwingine yeyote, hata mlevi wa kilabuni, ningemuuliza mara mbili. Lakini alikuwa yeye, na mikono yake ilikuwa na mafuta ya mashine kwenye kucha.

"Weye njo utanifundisha mambo ya ndoa?"

Aliendelea kusugua sufuria. Kisha akasema, "Sisemi ndoa, yaya. Nasema kazi."

Roho iliniuma vibaya, na si kwa sababu alikuwa amenitukana, maana hakunitukana. Kwanza alinichukulia kazi, kisha kiti, sasa amekuja na sheria mkononi, na vyote vitatu anavyo yeye ambaye hakufuata utaratibu hata mmoja. Nikajiambia kwamba mtu asiye na mume atajuaje ruhusa ya mume. Hoja hiyo niliiona nzuri sana. Nilirudi nayo Manika nyuma ya pikipiki, nikairudia kichwani njia nzima, na nilipofika nikapiga tena pasi shati la bluu.

Siku zikaenda. Nilikuwa mkali kwa wateja. Mama mmoja aliniuliza bei ya kitenge mara mbili nikamwambia kama hana haja akae nyumbani. Usingizi wangu ulikatika kila alfajiri wakati ule basi la kampuni linapopita barabara ya juu, na nililijua kwa mlio wa breki zake. Nilikuwa nalala nimetazama ukuta, mume wangu anakoroma, na katika basi hilo naona kiti kimoja kitupu.

Kisha mdogo wangu akaja sokoni siku yake ya mapumziko. Alikuwa amevaa gauni la kawaida, lakini muuza nyanya wa jirani yangu alimtambua, akampigia makofi. Hakuja kununua.

"Yaya, groupe ya pili inaanza hii juma inayokuya. Kama hausigner, batatia mwingine mu nafasi yako. Niliwasikia."

Nilikuwa nampimia mteja kitambaa. Nikaendelea kupima. Nikamuuliza kama anataka kitenge au amekuja kuzuia njia. Alisimama kidogo, akakunja ncha ya kitambaa kilichokuwa kimeanguka mezani, akaondoka. Mteja akaniuliza kama yule ndiye yule wa benne. Nikamwambia simjui. Baada ya hapo nilikaa na mkasi mkononi bila kukata kitu, kwa sababu nilimwelewa vizuri sana. Nafasi yangu ilikuwa inaondoka, na ikiondoka nitabaki na vitenge mpaka uzee, nikitajwa kama dada mkubwa wa mama benne.

Jumamosi, katika ukumbi mdogo wa parokia, alikuwa akija mwanasheria mmoja mwanamke kuwasikiliza wanawake wenye kesi. Wengi walikuja kwa mambo ya urithi, nyumba na vipigo. Mimi nilikwenda nikitumaini atasema mdogo wangu ni mwongo. Hilo ndilo lililonipeleka. Nilitaka mtu aliyesoma aniambie kwamba sheria ni ileile, kwamba nimefanya vizuri kungoja, kwamba dereva wa benne asijifanye jaji.

Alikuwa kijana, kucha zimepakwa rangi ya divai, simu mbili mezani, na waliomngoja walimwita "maître" kwa heshima. Nikamwonea wivu naye. Siku hizo nilikuwa na wivu wa kutosha hata kumgawia jirani. Alinisikiliza bila kuandika kitu.

"Mama, bwana yako anatumika?"

"Anatumika. Ni karani."

"Siku alianza ile kazi, weye balikuita? Ulienda kusema hauna problème?"

Swali lenyewe lilinichekesha. Nikajiona niko mbele ya wakubwa wa forodha, nimekaa na mkoba wangu, ninawaambia kwamba nimeruhusu. Nikasema hapana, hawakuniita.

"Basi," akasema.

Akanieleza taratibu. Zamani mume alikuwa na neno lake katika sheria, angeweza kuizuia kazi ya mkewe, na mke aliyeolewa aliomba ruhusa katika mambo mengi kama mtoto mdogo. Ruhusa hiyo imeondolewa. Siku hizi sheria ya familia inataka mume na mke wapatane mambo ya nyumba yao, wote wawili kwa pamoja, na mkataba wa kazi ni wa yule anayeifanya kazi. Ofisi nyingi bado zinaita waume kwa mazoea, na wakubwa wengi wanajua kuwa hawana haki hiyo. Wanaogopa mume kuja kufanya fujo getini kuliko wanavyoogopa wakaguzi wa kazi. "Uende, umuulize ni loi gani. Kama anakataa, unaenda ku Inspection du Travail. Mi nitakusindikiza."

Nilimshukuru nikatoka. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kosa la mdogo wangu nikapewa haki yangu, na njiani sikujua nifurahi au ninune. Alikuwa amesema kweli. Aliisema huku anasugua sufuria ya mama, nami nikamrudishia matusi, na bado, Mungu anisamehe, kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua.

Jumatatu nilimwachia muuza nyanya meza yangu. Nilivaa kitenge kizuri kuliko vyote nilivyouza mwaka ule. Mkuu wa wafanyakazi alinipokea kwa upole wake uleule.

"Mama, karibu. Bwana iko wapi?"

"Bwana iko ku kazi yake. Miye nakuya kusigner."

"Lakini tulisema..."

"Tulisema, ndiyo. Sasa unionyeshe ni loi gani inasema bwana akuye. Kama iko, naenda kumukamata sasa hivi. Kama haiko, naenda ku Inspection du Travail, na nitarudia nabo hapa."

Alivua miwani. Aliinuka, akafunga ule mlango ambao siku ya kwanza uliachwa wazi kila mtu asikie, akarudi kukaa.

"Mama, usinikasirikie," akasema kwa sauti ndogo. "Miye nilikuwa nangojea tu muelewane mu nyumba. Bwana yako alikuya."

"Alikuya lini?"

"Zamani. Kesho yake ya ile siku ya kwanza, asubui mapema. Na chemise ya bleu. Alisema yeye hapendi ile kazi. Alituomba tusikuambie, atamaliza yeye mwenyewe polepole."

Shati nililipiga pasi mimi. Nililinyoosha kola mara mbili ili wakubwa wamheshimu, naye alilivaa akaja kunikatalia kazi akiwa nadhifu. Zile kesho zote, mzigo uliokwama mpakani, ofisi iliyofungwa, vyote alivitunga akiwa amekwisha kuniharibia. Na huyu mwenye miwani alijua. Kila nilipokuja kuuliza kama nafasi yangu bado ipo, aliniambia ipo, akijua ni ya kupoteza muda.

Wakati ule nilimwonea mdogo wangu wivu kuliko siku zote. Kofia yake, basi lake, kiti chenye mto, vyote vilikuwa vitu vidogo. Nilimwonea wivu kwa sababu hapakuwa na mtu duniani ambaye angeweza kuingia ofisi yoyote akasema hapana kwa niaba yake, na akasikilizwa. Yule fundi wa vyuma angejaribu, wangemuuliza yeye ni nani. Mimi nilikuwa na mtu wa namna hiyo. Nilimpata kwa mahari yote, komini na kanisa, na watu walipiga vigelegele.

"Sasa nifanye namna gani, mama?" akaniuliza, na nadhani aliuliza kweli. "Bwana anakataa."

"Andika anakataa," nikasema. "Kiisha unipatie kalamu."

Hakuandika. Alinisukumia mkataba na kalamu, nikaweka sahihi yangu kwa jina nililopewa na baba, herufi kubwa, zikaijaza nafasi yote. Akaniletea viatu. Vilikuwa vikubwa, vya kiume, hapakuwa na vingine. Nikasema nitavaa soksi mbili.

Sikupita kwa mdogo wangu kumwambia. Nilikwenda nyumbani, nikawasha mbabula, nikapika. Watoto walikula mapema nikawapeleka uani wacheze. Mume wangu alirudi wakati wake, akatundika shati, akanawa, akakaa. Nilimpakulia kama kawaida. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, mengine mabaya sana, na nilipomwona anavyomega bukari taratibu, bila wasiwasi, nikamwongezea mboga.

Yeye ndiye aliyeanza.

"Kule ku benne, leo patron alinishika. Nitapita kesho."

"Haina lazima tena, tata," nikasema. "Nimesigner. Na banasema weye ulishapitaka."

Tonge lilikuwa mkononi. Alilirudisha kwenye sahani. Hakuuliza nani alisema. Aliangalia mlango, akaangalia mikono yake, akainuka akaenda kunawa ingawa chakula hakikuwa kimefika nusu. Niliyasikia maji yakimwagika kwa muda mrefu. Nilingoja apige kelele, ningemjibu, nilikuwa tayari. Aliporudi alisimama tu pale penye meza.

"Nilikuwa naogopa," akasema.

"Unaogopa nini?"

"Mu cité bote tunamuona mudogo yako. Anatoka, anarudia, anasema yenye anapenda. Mama yenu anamusimamia. Hakuna mutu wa kumuuliza kitu." Akafuta mikono kwenye suruali. "Niliogopa utakuwa sawa na yeye."

Miezi yote ile sikuwa nimemwambia mtu. Si mama, si muuza nyanya, si padri kwenye kiti cha maungamo, na kwa mdogo wangu mwenyewe ningekufa kwanza. Lilitoka bila taabu yoyote.

"Njo vile nilikuwa nataka," nikamwambia.